Mtaa Ulioambiwa Usahau

Tarehe 4 Machi

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Naomba Mama Cherehani akusomee barua hii akiwa ameshakunywa chai, maana yule akisoma na njaa huruka mistari.

Mimi mzima. Bado naosha magari ya wagonjwa hapa hospitalini. Sasa sikia habari. Dereva wetu mzee anastaafu mwisho wa Juni. Mkuu wa magari amekuwa akiniangalia ninavyoyaingiza bandani kinyumenyume, huku ukuta, huku nguzo, bila kugusa popote. Juzi akaniita: "Wewe, mbona unaosha tu? Kiti kile ni chako ukikitaka." Bibi, nilitaka kupiga honi kwa mdomo kama nilipokuwa mdogo.

Tatizo ni lile lile. Hospitali inataka cheti cha polisi kinachosema sijawahi kutiwa hatiani, na mimi nimewahi. Lakini karani wa mahakama ameniambia sheria ipo. Mtu aliyehukumiwa akiwa kijana, akamaliza kifungo chake, akakaa miaka mingi bila kosa jingine, anaweza kuomba hatia ifutwe. Nimeshapeleka maombi. Mahakama itamtuma afisa wa ustawi wa jamii aje mtaani kwetu aulize habari zangu.

Nakuomba kitu kimoja tu, Bibi, na nakiomba nikiwa nimepiga magoti: usifanye chochote.

Mumeo mdogo,
Honi


Tarehe 13 Machi

Honi, mume wangu wa bure,

Marahaba. Mama Cherehani anasema nianze na salamu. Haya, salamu: mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Mimi darasani sikuingia, maneno yangu hayana viatu, na yatembee peku hivyo hivyo. Na usinilazimishe simu. Maneno ya simu hayakunjiki nikayaweka chini ya mto.

Sasa nijibu. Wanafuta na nini? Ile hukumu iliandikwa kwa wino ikagongwa muhuri, nilikuwepo, na muhuri ulivyogongwa niliusikia kwenye meno. Wakifuta kwa maji karatasi yote itachafuka. Wakichana, waichane mbele yangu nihesabu vipande.

Na huyo afisa anakuja kuuliza nini? Kwamba ulipokuwa na miaka kumi na tisa uliamka alfajiri ukachukua gari la mkate la mwokaji, mikate ikiwa bado moto ndani, ukazunguka mtaa mzima ukipiga honi kama bwana harusi, ukaishia kwenye ukuta wa kinyozi? Hilo kila mtu analijua. Kinyozi mwenyewe alitoka na wembe mkononi na mteja amenyolewa nusu.

Ulikosa, sikatai. Ningekuchapa hata ukiwa na ndevu. Lakini yule mwokaji! Nyumba yangu na tanuri lake ni hatua chache. Angekuja akaniambia, "Mama, mjukuu wako kanifanyia hivi." Hakuja. Kaenda moja kwa moja polisi, nikaja kupata habari kwa muuza mkaa. Tangu siku hiyo mkate wake haujavuka mlango wangu. Nakula ule wa dukani unaofanana na sifongo, nautafuna kwa hasira, na unashuka.

Usijali. Sitafanya chochote.

Bibi yako

(Honi, ni mimi Mama Cherehani. Aliposema hatafanya chochote alikuwa anafunga kamba za viatu.)


Tarehe 22 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mama Cherehani amenitia wasiwasi. Vua viatu.

Hawafuti kwa maji. Hakimu akikubali, anatoa amri, faili linafungwa na kuondolewa kwenye orodha ya polisi. Kuanzia hapo nikiulizwa na mwajiri kama nimewahi kutiwa hatiani, nina haki ya kujibu sijawahi, na si uongo, kwa sababu sheria yenyewe imesema hivyo. Unaelewa? Kwa sheria, inakuwa kama halikutokea.

Mwokaji pia ataulizwa, kwa sababu ndiye aliyekosewa. Kwake usiende, Bibi. Hilo niachie mimi, nina sababu zangu. Afisa atafika wiki ya kwanza ya Aprili. Mkaribishe kiti, mpe maji ya kunywa, umwache afanye kazi yake.

Honi


Tarehe 9 Aprili

Honi, mume wangu, tia moyo wako maji ya baridi, mambo yamekwisha, na yamekwisha vizuri.

Nilisema sitafanya chochote na sikufanya. Nilitembea tu. Mtu mzima haruhusiwi kutembea?

Uliandika mwenyewe kwamba inatakiwa iwe kama halikutokea. Mama Cherehani alinisomea mara tatu. Nikajiuliza, hakimu atafuta karatasi, na vichwa vya watu hawa nani atavifuta? Afisa anakuja kuwauliza wao! Basi nikapita nyumba kwa nyumba. "Jirani, unakumbuka mjukuu wangu na gari la mkate?" Anacheka mpaka anashika mlango, anasema, "Nitasahauje!" Namwambia, "Sahau. Kuanzia leo. Amri ya mahakama." Muuza mkaa amesahau. Fundi baiskeli amesahau. Wapangaji wapya wale wa ghorofani walikuwa hawajui kitu, nikawaeleza kisa chote vizuri, kisha nikawaambia wasahau.

Aliyenisumbua ni kinyozi. Nilimwambia azibe lile bonde la ukutani kwake, ushahidi huo. Akagoma. Anasema wateja wanaelekezana kwa bonde hilo, "nenda mpaka ukuta uliobonyea." Ati ukuta ukinyooka atakufa njaa. Tukaelewana atundike taulo.

Afisa akaja, mwanamke mpole, kashika mwavuli wa maua. Ungeuona mtaa wako ungelia! Alimuuliza muuza mkaa, "Unamfahamu kijana huyu?" Muuza mkaa akaitazama picha yako, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma, akasema, "Sijapata kumwona." Fundi baiskeli kasema hata sura hiyo si ya huku. Kinyozi, ambaye ndiye aliyekunyoa mara ya kwanza ukamtapikia, kasema labda umekosea mtaa, dada.

Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Akaniuliza, "Bibi, una mjukuu anayeitwa hivi?" Nikamwangalia machoni nikasema, "Mimi? Sina."

Akaandika, akaandika, akaondoka anatikisa kichwa. Umefutika, mume wangu! Nunua kofia ya udereva.

Bibi yako mwenye akili


Tarehe 17 Aprili

Bibi,

Karani ameniita leo. Ripoti ya afisa imefika. Inasema mwombaji hajulikani katika mtaa anaodai kukulia, na kwamba mwanamke aliyemtaja kama bibi yake mzaa mama amesema hana mjukuu wa namna hiyo. Karani ameniuliza taratibu kabisa, kama anaongea na mgonjwa, kwa nini nimejitungia bibi.

Bibi! Afisa hakuja kuuliza kama niliiba. Hilo analo kwenye faili. Alikuja kuuliza nimekuwa mtu wa namna gani tangu hapo, na nani atasimama aseme ananijua. Wewe badala ya kufuta kosa umenifuta mimi.

Maombi yatasikilizwa tarehe 20 Mei. Afisa harudi tena, ana mitaa mingine. Nikipata watu wa kuja kunisemea, vizuri. Nisipopata, yanatupwa kwa kusema uongo mahakamani, na kile kiti atapewa mwingine.

Sijakasirika. Nilikasirika hadi saa nne hivi, kisha nikamkumbuka kinyozi anasema umekosea mtaa, dada, nikacheka peke yangu ndani ya gari la wagonjwa mpaka muuguzi akaja kunipima joto.

Lakini nisaidie, Bibi. Safari hii nakuomba ufanye kitu.

Mjukuu wako, aliye hai,
Honi


Tarehe 26 Aprili

Honi, mwanangu, mjukuu wangu, jino langu la mwisho,

Sikuiti mume leo, sina uso huo. Mama Cherehani aliposoma "umenifuta mimi" niliinuka nikaenda kusimama uani, nikawatazama kuku. Mwanamke mzima nimemkana mtoto niliyemlea mgongoni! Na mchele wenyewe siku hiyo niliuchambua vibaya, tukala mawe.

Nikavaa viatu tena. Nyumba kwa nyumba. "Jirani, kumbuka." "Nikumbuke nini?" "Mjukuu wangu." "Mjukuu gani? Wewe huna mjukuu." Wananicheka, Honi! Muuza mkaa kanitania mpaka nikamrushia kandambili. Baadaye kasema atakuja mahakamani hata kwa miguu, na fundi baiskeli naye atakuja. Kinyozi anasema atakuja, ila atafunga duka, kwa hiyo anataka hakimu amwandikie barua kwa wateja wake. Hayo waachie yeye na hakimu.

Ila Mama Cherehani, ambaye kichwa chake kinafanya kazi, kaniuliza: "Mwokaji je? Yeye ulimwambia asahau?" Sikumwambia. Mimi simsemeshi. Kwa hiyo katika mtaa huu wote, mtu pekee ambaye hajaambiwa asahau ni yule. Na muuza mkaa anasema alimwona afisa akiingia pale kwenye tanuri akakaa muda mrefu, akatoka na mkate kwapani.

Nimekosa usingizi. Huyo ndiye aliyekupeleka polisi, na ndiye peke yake aliyeongea. Kamwambia nini yule mwanamke?

Kesho naenda kumuuliza. Nimefua nguo yangu ya harusi za watu. Siendi kumwomba, naenda kumuuliza.

Bibi yako


Tarehe 3 Mei

Bibi, usiende!

Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi aifikishe haraka, na hata hivyo najua nimechelewa, maana wewe ukishafua nguo umeshafika. Kama bado, subiri. Kuna jambo baina yangu na mwokaji ambalo sijawahi kukuambia, na nilitaka ulisikie kwa mdomo wangu, tumekaa, umeweka fimbo mbali. Si baya. Sikukuambia kwa kuwa nilikuogopa. Si yeye niliyemwogopa, ni wewe.

Honi


Tarehe 8 Mei

Honi, mshenzi wewe, mume wangu mpenzi,

Kwa nini hukuniambia?

Umechelewa kweli. Nilifika pale alfajiri ili nimkute kabla hajachangamka, kumbe yule kwa saa ile keshafanya nusu ya kazi ya siku. Nikasimama mlangoni. Joto la tanuri likanipiga usoni. Nikasema, "Nimekuja kuuliza ulimwambia nini yule mwanamke." Akavuta kigoda, akakifuta unga kwa aproni yake, unga ukaongezeka. Akasema, "Kaa, Mama. Nilijua utakuja, ila nilidhani utakuja mwaka ule."

Ndipo akaniambia yote aliyomweleza yule afisa, ambaye hakumsadiki yeye mmoja dhidi ya mtaa mzima. Kwamba ulipotoka kifungoni, asubuhi ya kwanza kabisa, ulimgongea mlango ukasema umekuja kulipa kwa mikono. Kwamba ulikanda unga pale kila alfajiri mwaka mzima, ukaondoka kabla mimi sijaamka vizuri. Kwamba alikurudishia funguo za gari lile lile mwenyewe, ukasambaza mikate kwa mwendo wa konokono, na kila ukipita kwa kinyozi unashusha dirisha unamwomba msamaha, mpaka kinyozi akachoka akakuomba uache.

Na mimi unaniambia unakwenda kukimbia mazoezi! Mazoezi! Ulikuwa unarudi unanuka hamira, unga kwenye nyusi, na mimi najisemea mwanangu anakua, hili ni jasho la ujana. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulinificha mimi. Kumbe hawa watu nilipowaambia wasahau walikuwa wameshazoea kazi hiyo.

(Mimi mwokaji ndiye ninayeandika leo. Mama Cherehani ana nguo za harusi za kushona. Bibi yako ananiambia niandike "mwokaji ni mtu mgumu asiyejua kubisha hodi." Nimeandika. Ni kweli nilipaswa kuja kwake kwanza. Nilikuwa na hasira ya gari, na nilimwogopa pia.)

Nimemuuliza kwa nini hakuja. Kasema kila alipojaribu aliniona dirishani natafuna ule mkate wa dukani huku namtazama yeye, akarudi. Nilicheka, Honi, nikacheka mpaka nikashika meza ya kukandia. Akanipa mkate wa moto. Nikakataa. Akauweka mezani akageuka akaendelea na kazi. Nikaula.

Miaka yote hiyo! Yaani mtu unajinyima kitu kama kile kwa ajili ya kiburi chako mwenyewe. Niliomba wa pili.

Tarehe 20 tunakuja. Wote. Na gari la mkate.

Bibi yako

(Alikula mitatu. Mwokaji.)


Tarehe 23 Mei

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama na kinyozi amepona kichefuchefu. Mwambie watu hawakai nyuma kwenye rafu za mikate kwa safari ndefu vile.

Karani bado anacheka. Ananiambia tangu aajiriwe hajaona shahidi anayeulizwa, "Una uhusiano gani na mwombaji?" akajibu, "Ni mume wangu." Hakimu alivua miwani, akakutazama wewe, akanitazama mimi. Akauliza mmeoana lini! Na wewe badala ya kumweleza unasema, "Tangu alipozaliwa." Kama si mwokaji kusimama na kusema, "Mheshimiwa, ni bibi yake, anatania," leo ningekuwa na kesi nyingine mbaya kuliko ile.

Halafu akakuuliza kwa nini ulimwambia afisa huna mjukuu. Nilifumba macho. Nikakusikia: "Kwa sababu mjukuu wangu aliniandikia kwamba kwa sheria iwe kama halikutokea, na mimi nilitii. Kama sheria haitaki watu wasahau, isiseme wasahau. Iseme wamjue tena upya." Nilipofumbua macho hakimu alikuwa anaandika, na hakuwa anacheka.

Uamuzi ni tarehe 5 Juni. Mkuu wa magari amesema ananingoja mpaka siku hiyo.

Swali moja, mke wangu. Kwa nini mwokaji ndiye aliyekushika mkono kwenye ngazi za mahakama wakati mimi mumeo nilikuwa nimesimama hapo hapo?

Honi


Tarehe 5 Juni

BIBI!

Imefutwa! Hakimu amesoma amri dakika chache tu, mimi niliyengoja miaka yote hii nikabaki nimesimama kama nimesahau kukaa. Amesema mahakama imeridhika kwamba mwombaji anajulikana katika mtaa wake, "tena kupita kiasi." Ndivyo alivyoandika, nimemwomba karani anionyeshe. Faili limefungwa. Polisi watanipa cheti safi, na mwisho wa mwezi, mzee akistaafu, nakabidhiwa funguo za gari la wagonjwa. Nimeonyeshwa king'ora kinapowashwa. Nimekatazwa kukiwasha bila sababu, na mkuu wa magari alinitazama sana aliposema hivyo, sijui kaambiwa na nani jina langu la utotoni.

Nililia kidogo chooni. Sasa nakula mkate wa dukani, wa sifongo, na ni mtamu.

Unaruhusiwa sasa kumwambia yeyote kwamba mjukuu wako hajawahi kutiwa hatiani. Ni sheria.

Dereva,
Honi


Tarehe 14 Juni

Dereva wangu,

Marahaba mara mia. Barua yako ilisomwa mara ya kwanza kibarazani, ya pili kwa kinyozi, ya tatu kwenye tanuri, na mara zote nililia mahali pale pale, pa "kupita kiasi." Mtaa umeimba. Muuza mkaa kacheza na gunia. Kinyozi kaondoa taulo ukutani, kapaka rangi pembeni mwa lile bonde ili lionekane vizuri zaidi. Nimemwacha. Ni lake.

Lakini hilo la mwisho sikubali. Wapangaji wapya wameniuliza jana: "Bibi, kweli mjukuu wako alishafungwa?" Nikawaambia alichukua gari la mtu, akaligonga, akafungwa, akatoka, akakanda unga mwaka mzima akidhani bibi yake ni kipofu wa pua. Serikali na isahau, imefanya vyema, imebarikiwa. Mimi sisahau tena kitu kinachokuhusu. Nilijaribu mara moja, ikaniuma.

Umeuliza habari ya mkono na ngazi. Ngazi zilikuwa nyingi. Tangu tumerudi, yule mtu kila alfajiri anapita kuacha mkate mlangoni kwangu, na amejifunza kubisha hodi. Hapo awali alikuwa akiugonga mlango kama polisi, nimemfundisha. Akimaliza kazi anakuja kuniandikia barua. Barua moja inatuchukua jioni tatu, sijui kwa nini, mkono wake ni mzito. Usiniulize zaidi. Wewe na mimi tulikuwa hatujaandikishana popote.

(Bibi yako ananiambia nisiandike kwamba amecheka. Amecheka. Kijana, nina jambo la kukuomba, nami naliomba kwako kwanza kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, maana siku hizi nimejua utaratibu. Ukipata likizo njoo nyumbani, tukae, tuzungumze, wewe ukiwa ndiye mkubwa wa upande wake. Mwokaji.)

Umesoma? Basi njoo. Gari la mkate liko mlangoni kwake, limeoshwa. Funguo ninazo mimi, chini ya mto, zimelala juu ya barua zako. Safari hii nakupa kwa mkono wangu, na mikate itakuwa ya moto ndani, na utatuzungusha mtaa mzima, mimi nimekaa mbele.

Na ukipita kwa kinyozi, piga honi.

Bibi yako